Kuhamisha kalibresheni ya NIR kutoka mashine moja kwenda nyingine: mwongozo kwa wanaopima mahindi na vyakula vya mifugo

Mashine mpya ya NIR (inayopima nafaka kwa mwanga wa infraredi ya karibu) imefika, taa inawaka, na mkuu wa maabara anauliza itaanza kutoa majibu lini. Kwenye mashine ya zamani mna kalibresheni ya mahindi (mlinganyo unaogeuza usomaji wa mwanga kuwa unyevu au protini) iliyojengwa kwa miaka: sampuli mia kadhaa, kila moja imepita kwenye oveni kwa ajili ya unyevu na kwenye Kjeldahl kwa ajili ya protini. Unanakili faili, unaipakia kwenye mashine mpya, unasoma mahindi ambayo oveni imesema yana unyevu wa asilimia 12.8. Mashine inasema 13.9.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, kinaweka kikomo cha unyevu kwenye asilimia 13.5. Kwa hiyo mzigo ule ule unapokelewa na mashine moja na kukataliwa na ya pili, na mkulima aliyesimama kwenye mizani hana pa kukata rufaa. Ndiyo maana kazi hii nataka uifanye kwa utulivu, hata kama mkuu anasubiri.

Kalibresheni ya PLS (njia ya takwimu inayobana mawimbi mengi kuwa vijenzi vichache), ukiifungua, ni orodha ya vizidishi, kimoja kwa kila urefu wa wimbi. Mashine inapima ufyonzaji wa mwanga kati ya takriban nanometa 780 na 2500, inazidisha kila thamani na kizidishi chake, inajumlisha, mwisho inaongeza namba moja isiyobadilika, na hiyo jumla ndiyo unyevu au protini. Maji yanafyonza kwa nguvu karibu na nanometa 1450 na 1940. Sasa kama mashine mpya inaita 1940 kile ambacho kwa kweli ni 1941, kizidishi kimeangukia pasipo pake. Kwenye ubavu wa kilima cha maji, ambako mchoro unapanda wima, nanometa moja inatosha kuharibu jibu. Ongeza taa yenye mwangaza tofauti, kihisio chenye joto tofauti, na kikombe kinachokaa milimita chache juu zaidi, utaelewa kwa nini kunakili faili peke yake hakutoshi.

Katika mwongozo huu, mashine yenye kalibresheni naiita mama, na inayopokea naiita mtoto.

Hatua ya 1: Pima afya ya mashine zote mbili

Ziache ziwake hadi zitulie. Mimi huzipa saa nzima. Futa kigae cheupe cha rejea kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Pima kipande cha polistireni au kigae cha oksidi za madini adimu kilichokuja na mashine, uhakikishe vilele vinaangukia pale cheti chake kinaposema.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi. Chukua sampuli moja ya mahindi, uisome mara 10 bila kugusa kikombe. Halafu isome mara 10 nyingine, safari hii ukimwaga na kujaza upya kila mara. Andika unyevu unaotoka. Kundi la kwanza linakuonyesha mtetemo wa mashine, la pili linakuonyesha mtetemo wa mkono wako na wa punje zenyewe. Kwenye punje nzima, kundi la pili huyumba zaidi. Kipimo hicho ndicho sakafu yako, kwa sababu hakuna hesabu ya kuhamisha itakayokupa usahihi ulio chini yake.

Mama akiwa anayumba, simama hapo. Kumfananisha mtoto na mama mgonjwa ni kuambukiza.

Hatua ya 2: Chagua sampuli za kuhamishia

Hapa ndipo kazi inaposimama au kuanguka, na hapa ndipo ningependa utumie nusu ya muda wako wote.

Unahitaji sampuli zinazosomwa na mashine zote mbili bila kubadilika katikati. Ishirini zinatosha kwa mashine zinazofanana aina, na unahitaji nyingine 20 za kujaribia, ambazo hazitaguswa mpaka mwisho. Zisiwe zimefanana. Chagua kwa spektra, yaani mchoro wa ufyonzaji wa sampuli kwenye mawimbi yote, si kwa macho. Njia ya Kennard na Stone ya mwaka 1969 bado inatosha: chukua spektra mbili zilizo mbali zaidi kati yao, kisha ile iliyo mbali zaidi na ulizokwisha kuchukua, endelea hivyo mpaka utimize idadi. Anayetumia R, programu ya takwimu, ataikuta tayari kwenye kifurushi cha prospectr, kwa jina kenStone. Baada ya hapo angalia kwa akili ya kawaida: je, kuna mahindi makavu na mabichi? Kuna ya njano kama mnayapokea? Kuna ya msimu uliopita, yaliyokaa ghalani?

Kama mashine zako zinasoma unga, weka unga kwenye vikombe vilivyofungwa kabisa, usivifungue tena. Desturi hii ya vikombe vilivyofungwa ilienea pamoja na kazi ya John Shenk na Mark Westerhaus wa Pennsylvania, Marekani, waliopata hataza ya njia yao ya kuoanisha mashine mwaka 1989. Kikombe kilichofungwa kinasafiri. Kisichofungwa kinapumua njiani.

Nakuambia kwa sababu yalinikuta. Nilibeba vikombe 15 kwa basi kutoka Morogoro hadi Arusha, nimevifunga kwa gundi ya utepe, nimevipanga kwenye boksi lenye magazeti. Kesho yake nikavisoma kwenye mashine ya kule na kutoa tofauti, mtoto toa mama. Vikombe 14 vilitoa mstari mpole unaopanda taratibu. Kikombe nambari 7 kilikuwa na shimo kwenye 1940 na kishimo kidogo kwenye 1450. Nikakigeuza mwangani: utepe umeinuka upande mmoja, upana wa ukucha. Unga ulikuwa umekauka kwenye buti ya basi. Ningekichanganya na wenzake, hesabu ingejifunza kwamba mashine ya Arusha huona maji machache kuliko ya Morogoro, na ingeanza kuongeza maji ambayo hayapo kwenye kila mzigo.

Tangu siku hiyo napima uzito wa kila kikombe kabla ya safari na baada ya safari, na uzito wa kwanza naubandika juu ya kifuniko. Unga wa gramu 50 ukipoteza robo gramu ya maji, unyevu wake umeshuka karibu nusu asilimia. Mizani inaliona hilo kabla ya mashine yoyote.

Hatua ya 3: Soma kwenye mashine zote mbili

Lala na sampuli chumba kimoja, kwa maana ya kwamba ziingie chumba cha mashine usiku wa kuamkia kazi. Kilima cha maji husogea na kubadilika umbo joto linapobadilika, na mahindi yaliyotoka kwenye jokofu asubuhi ile hutoa spektra ya mahindi mengine kabisa.

Mtu mmoja asome zote. Kila kikombe kisomwe mara tatu, ukikizungusha kidogo kila mara, na wastani ndio unaotumika. Usisome kwa mpangilio wa unyevu kutoka mdogo hadi mkubwa. Changanya, ili mashine ikielea kidogo kadiri siku inavyokwenda, mwendo huo usijifiche ndani ya mpangilio wa sampuli.

Hatua ya 4: Leta spektra kwenye mhimili mmoja

Mashine nyingine hutoa nanometa, nyingine hutoa namba za wimbi kwa sentimita. Kubadilisha ni kugawa milioni 10 kwa thamani uliyonayo: nanometa 1940 ni 5155. Lakini nafasi zilizo sawa upande mmoja haziko sawa upande wa pili. Hatua ya namba za wimbi 8 ni nanometa 0.8 ukiwa kwenye 1000, na ni nanometa 5 ukiwa kwenye 2500. Kwa hiyo usilinganishe chaneli (nukta moja ya wimbi) kwa nambari yake ya safu. Kokotoa upya spektra za mtoto kwenye nukta zile zile za mama kwa splini, yaani mkunjo laini unaopita kwenye nukta zilizopimwa (kwenye prospectr kuna resample), na ukate ncha ambazo mmoja wao hazifikii. Usinyooshe data pasipopimwa.

Hakikisha pia zote ni ufyonzaji, yaani logi ya 1 gawanya kwa mwakiso (sehemu ya mwanga inayorudi kutoka kwenye sampuli). Nimeona watu wakipoteza siku mbili kwa sababu mashine moja ilikuwa inahifadhi mwakiso mtupu.

Kama mtoto ni kifaa cha mkononi kinachosoma nanometa 900 hadi 1700 tu, kilima cha 1940 hakipo kabisa. Rudi kwa mama, kata spektra zake zote ziwe 900 hadi 1700, jenga kalibresheni upya humo, ujaribu kwenye mashine ile ile ya mama. Ikiwa hata kwa mama usahihi umeanguka, umepata jibu lako mapema: taarifa unayoihitaji iko nje ya macho ya kifaa hicho.

Hatua ya 5: Chora tofauti na uitazame

Kwa kila kikombe, toa spektra ya mama kwenye ya mtoto, uchore zote kwenye karatasi moja. Usichague njia yoyote ya hesabu kabla ya kuuona mchoro huu. Umbo lake linakuambia ugonjwa.

Mistari ikiwa bapa au inapanda taratibu, na vikombe vyote vinakwenda pamoja, tatizo ni mwanga: kigae cheupe, taa, umbali wa kikombe. Hili ni jepesi. Usafishaji wa kawaida wa spektra, kama SNV (kila spektra hutolewa wastani wake, kisha hugawanywa kwa mtawanyiko wake) au derivativu ya kwanza (mteremko wa mchoro), huondoa sehemu kubwa yake.

Mistari ikipanda upande mmoja wa kila kilima na kushuka upande wa pili, kama herufi S iliyolala, mhimili wa mawimbi umesogea. Utaliona vizuri zaidi kwenye 1450 na 1940, ambako vilima ni vikali. SNV haitalitibu. Ama mhimili urekebishwe na fundi, ama utumie njia ya hatua ya 7.

Tofauti ikiwa na kilima au shimo lililokaa juu kabisa ya 1940, tena kwa vikombe vichache tu, si mashine. Ni sampuli iliyobadilika. Kitoe kikombe hicho.

Kukiwa na vilele vyembamba ambavyo kwa mama ni virefu na kwa mtoto vimebonyea, mtoto ana uwezo mdogo wa kutenganisha mawimbi. Laini spektra za mama zifanane na za mtoto, ujenge kalibresheni upya. Kwenda kinyume, yaani kumlazimisha mtoto aone asichokiona, huzalisha kelele.

Hatua ya 6: Anza na marekebisho mepesi

Pakia kalibresheni ya mama, pitisha spektra za mtoto kwenye usafishaji ule ule, toa majibu kwa zile sampuli 20 za kuhamishia, ambazo oveni imezipima, na ulinganishe. Wastani wa tofauti ndio mwegemeo. Mtawanyiko wa tofauti, ukishaondoa mwegemeo, ndio kosa lililobaki, wenyewe huliita SEP.

Tuseme mwegemeo ni +0.42 na SEP ni 0.30. Je, 0.42 ni ya kweli au ni bahati mbaya ya sampuli? ISO 12099, mwongozo wa NIR kwa vyakula vya mifugo na nafaka, unatoa kipimo: zidisha SEP kwa thamani ya t (ya jedwali la takwimu), gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli. Kwa sampuli 20, t ni 2.09, na kikomo kinakuwa 0.30 × 2.09 ÷ 4.47, yaani 0.14. Mwegemeo wetu umekivuka mbali. Toa 0.42 kwenye namba ya mwisho ya mlinganyo. Kosa lote lilikuwa karibu 0.51, sasa ni karibu 0.30, na hujagusa chochote kingine.

Mwegemeo ukiwa ndani ya kikomo, uache. Kurekebisha kila wiki kwa kufuata vitu vidogo ni kumfanya mtoto ayumbe kwa mikono yako mwenyewe.

Mteremko nao unaweza kurekebishwa, kwa kuchora majibu ya oveni dhidi ya majibu ya mashine na kupitisha mstari. Lakini fanya hivyo pale tu sampuli zako zimetawanyika vya kutosha, tuseme kutoka asilimia 10 hadi 18. Zikiwa zimerundikana kati ya 12 na 13.5, mteremko utakaoupata ni wa bahati, na utaumia siku mahindi mabichi yatakapoingia.

Kwa mashine mbili za aina moja, mara nyingi kazi huishia hapa. Sioni sababu ya kwenda mbele kama SEP ya mtoto iko karibu na ya mama.

Hatua ya 7: PDS, pale wepesi unaposhindwa

Njia hii, kwa kirefu Piecewise Direct Standardization, yaani kuoanisha spektra kipande kwa kipande, ilitoka Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1991, kwa Wang, Veltkamp na Kowalski. Wazo lake ni zuri, na linaeleweka bila hesabu nzito.

Chukua chaneli moja ya mama, tuseme 1450. Badala ya kuilinganisha na 1450 ya mtoto peke yake, fungua dirisha dogo: 1446, 1448, 1450, 1452 na 1454 za mtoto. Kwa kutumia vikombe vyako 20, tafuta vizidishi vitano vinavyozigeuza thamani hizo kuwa 1450 ya mama, pamoja na namba moja ya kuongeza au kupunguza. Sogea kwenye 1452, urudie. Mwisho una jedwali linalogeuza spektra yoyote ya mtoto ifanane na ya mama, kisha kalibresheni ya zamani inatumika bila kubadilishwa hata herufi. Kwa kuwa dirisha linatazama majirani, mhimili uliosogea nao unatibika.

Ndani ya kila dirisha tumia PLS ndogo yenye kijenzi kimoja au viwili, maana majirani hao wanafanana mno na hesabu ya kawaida huchanganyikiwa. Jaribu madirisha ya chaneli 3, 5, 7, 9 na 11, ukiacha vikombe vichache nje kila mara ili uone lipi linawatabiri vizuri. Chaneli za ncha mbili hazina majirani upande mmoja, kwa hiyo zikate. Kabla ya kusherehekea, chora spektra iliyogeuzwa. Ukiona meno ya msumeno, dirisha limejifunza kelele, na derivativu itakayofuata itayakuza meno hayo mara nyingi. Punguza vijenzi, au fanya PDS baada ya usafishaji badala ya kabla.

Ipo na njia ndugu inayotumia chaneli zote za mtoto kutabiri kila chaneli ya mama. Kwa vikombe 20 na chaneli 700 siipendekezi: vya kukadiria ni vingi mno na ushahidi ni mchache.

Usijifunzie kazi hii kwenye mahindi ya wateja. Kampuni ya Eigenvector Research hutoa bure seti ya data ya mahindi: sampuli 80 zilizosomwa na mashine tatu, m5, mp5 na mp6, kutoka nanometa 1100 hadi 2498 kwa hatua ya 2, pamoja na unyevu, mafuta, protini na wanga. Hamisha kutoka m5 kwenda mp5 mpaka mkono uzoee, kisha jaribu mp5 kwenda mp6 uone jinsi mashine zinazofanana zinavyorahisisha kila kitu.

Hatua ya 8: Wakati wa kuacha kuhamisha na kuanza kuchanganya

Mashine zikitofautiana sana, au huwezi kupata sampuli zisizobadilika (nyasi mbichi, mihogo mibichi), njia ya uaminifu zaidi ni kuongeza sampuli mpya 20 hadi 40, zilizosomwa na mtoto na kupimwa kwa oveni yako, ndani ya data ya mama, na kujenga kalibresheni moja inayozijua mashine zote mbili. Kumbuka uzito: sampuli 20 mpya ndani ya 400 za zamani zinamezwa. Zirudie mara tano au kumi kwenye jedwali, na ujaribu idadi ipi inakufaa. Inagharimu oveni na muda, lakini nimeona ikiokoa kazi ambazo PDS ilizishindwa.

Hatua ya 9: Jaribu kwa sampuli zilizofichwa, kisha linda

Sasa toa zile sampuli 20 ulizozitenga mwanzoni. Zisiwe zimeshiriki kwenye mwegemeo, wala kwenye kuchagua dirisha. Linganisha mtoto na oveni, na mama na oveni, kwa sampuli zile zile. Pima kila sampuli mara mbili kwenye oveni. Kama vipimo viwili vya oveni vyenyewe vinatofautiana kwa 0.2, usimdai mtoto 0.1.

Andika kwenye daftari la mashine: tarehe, sampuli zilizotumika, njia, dirisha, mwegemeo uliotolewa, jina la faili ya zamani na ya mpya. Usifute ya zamani.

Kikombe kimoja kilichofungwa kisomwe kila asubuhi kabla ya kazi, na jibu lake lichorwe kwenye karatasi ukutani, pembeni ya mashine, ambapo kila anayeingia atauona mstari. Majibu yakianza kupanda upande mmoja siku kadhaa mfululizo, pima kwanza uzito wa kikombe. Uzito ukiwa ni ule ule, angalia kigae na taa. Taa ikibadilishwa, toa vikombe vyote 20 kabatini, vipime uzito mmoja mmoja, uvisome, na uanze tena kwenye hatua ya 5.